Gereji ya Wasomaji: Taa Hafifu za Pikapu Kuukuu

Maswali ya toleo hili yote yanahusu taa kubwa za pikapu za zamani. Tumeanza na lile lenye jibu refu, maana majibu yanayofuata yanaliegemea.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1993, dizeli, volti 12, yenye balbu za H4. Usiku taa zinatoa mwanga wa njano na hazifiki mbali. Nimebadilisha balbu mara mbili na betri ni mpya. Fundi mmoja ananiambia niweke rilei, mwingine anataka kufumua wayaringi yote. Nimsikilize nani? Na kama ni rilei, ninunue nini na niunge vipi?
Msomaji, Sumbawanga

JIBU: Ndugu yetu, msikilize wa rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme badala ya mkono, ila pima kwanza. Zipo taa hafifu ambazo rilei haiziponyi. Chomoa balbu, chungulia ndani kwa tochi. Ikiwa reflekta, ile sahani ya rangi ya fedha inayorudisha mwanga mbele, imefifia, imeota madoa ya kahawia au imebanduka, nunua taa nzima nyingine. Waya mpya hauirudishii reflekta mng'ao wake.

Reflekta ikiwa nzima, chukua mita. Washa injini, ipandishe kidogo hadi kama mizunguko 1500 kwa dakika, washa fulu, ule mwanga wa mbali, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Unatarajia kuona kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukiona chini ya 13.2 huku injini inazunguka vizuri, tatizo lako la kwanza ni alteneta, mkanda wake au waya wake mnene, na hapo rilei isubiri. Betri ikisoma vizuri, nenda kwenye taa yenyewe. Usichomoe soketi. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi, moja kwenye pini ya pamoja ya balbu, ile inayotumiwa na fulu na dimu, na nyingine kwenye pini ya fulu, taa ikiwa inawaka. Toa namba hiyo kwenye ile ya betri: tofauti ndiyo inayopotea njiani. Ikizidi nusu volti, kazi ya rilei inalipa. Kwenye pikapu ya umri huo si ajabu kukuta betri ina 14 na taa inapata 12 au hata 11. Rudia kipimo hicho kwenye dimu, ule mwanga wa karibu, na kwenye taa ya upande wa pili.

Tunasisitiza kupima taa ikiwa inawaka, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Mtu huchomoa soketi, huweka mita, huona volti 13.9 na kutangaza kuwa waya ni mzima. Mita huvuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu za shaba utaonyesha volti zote. Siri hufichuka pale balbu inapodai ampia 5.

Volti hizo mbili zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Mwanga wa balbu ya halojeni haushuki sawasawa na volti, hushuka kwa kasi zaidi, karibu na kipeo cha 3.4. Balbu ya H4 ya wati 60/55, yaani 60 za fulu na 55 za dimu, hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, na hapo hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) zipatazo 1650 kwenye fulu na 1000 kwenye dimu. Ipe volti 12, utabaki na kama robo tatu ya mwanga huo. Ipe 11, unabaki na kama nusu, na ule unjano unaouona ni waya wa ndani ya balbu usiopata joto lake. Ndiyo maana balbu mpya hazikukusaidia.

Volti hupotelea wapi? Kwenye gari lako mkondo wa taa zote mbili, ampia 10 au zaidi, unasafiri hadi kwenye swichi ya usukani ndipo ukamilishe mzunguko wake. Chukua waya wa milimita za mraba 0.85, ambao ni wa kawaida kwenye wayaringi za kiwandani. Kila mita moja ina ukinzani wa kama omu 0.02. Mita 5 zikibeba ampia 10 hula volti 1 nzima, na hapo shaba ni mpya. Ongeza soketi zilizoota kutu ya kijani, fyuzi iliyolegea na visigino vya swichi vilivyoungua kwa miaka thelathini. Rilei haifanyi muujiza wowote. Inaupa mkondo mkubwa njia fupi na nene kutoka betri hadi taa, na swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuamrisha tu, ikibeba ampia 0.2 hivi badala ya 10.

Sasa jambo ambalo huwakwaza hata mafundi wazoefu. Hilux za zamani, pamoja na Land Cruiser nyingi za enzi hizo, huwashwa upande wa hasi. Chanya inafika kwenye pini ya pamoja ya balbu, na swichi ya usukani inachagua uzi upi ndani ya balbu, wa fulu au wa dimu, uunganishwe na bodi, yaani chuma cha gari ambacho ndicho hasi. Magari mengine mengi hufanya kinyume: pini ya pamoja iko kwenye bodi wakati wote, na swichi inapeleka chanya. Usiamini rangi za nyaya, kwa sababu gari la miaka hiyo limeshapita mikono mingi. Pima hivi. Chomoa soketi za taa ZOTE MBILI, maana ukibakiza balbu moja, umeme hupita kwenye nyuzi zake na kukudanganya. Washa dimu, weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, gusa pini tatu za soketi kwa zamu. Kisha badili uende fulu, gusa tena. Ikiwa volti 12 zinahama kutoka pini moja kwenda nyingine, gari linawasha chanya. Ikiwa pini ileile moja ina volti 12 wakati wa dimu na wakati wa fulu, na hizo mbili hazina kitu, gari linawasha hasi. Hakikisha kwa kuhamishia ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na kuzigusa zile pini mbili kwa ncha nyeusi: sasa volti ndizo zitahama. Andika kwenye karatasi pini ipi ni ipi kabla hujaondoka hapo.

Vifaa. Rilei mbili za miguu minne, volti 12, ampia 30 au 40, pamoja na makalio yake ya plastiki, yaani vikao vya kuzichomekea, yenye nyaya au tamino (vichwa vya chuma vinavyobanwa kwenye ncha ya waya). Nyumba mbili za fyuzi zenye kifuniko cha kuzuia maji, na fyuzi mbili za ampia 20. Waya wa milimita 4 za mraba, mita 3, wa kutoka betri hadi rilei. Waya wa 2.5, mita 10, wa kutoka rilei hadi taa na kutoka taa hadi bodi. Waya mwembamba wa 0.75 au 1, mita 3, wa kuamrisha. Soketi mbili mpya za H4, za kauri ukizipata. Soketi moja dume ya H4, yaani yenye pini tatu kama za balbu, ili uchomeke soketi ya zamani bila kukata waya wowote wa gari. Tamino za pete nne za kuingia kwenye boliti, tamino bapa, bomba la plastiki la mikunjo la kuhifadhi nyaya, mpira wa kusinyaa kwa joto na kamba za plastiki za kubania.

Kuhusu waya tuseme kidogo, maana dukani ndiko kazi inakoharibikia. Waya wa umeme wa nyumba, ule wenye shaba moja nene, hata ukiwa wa 2.5 hauingii kwenye gari. Mtikisiko wa barabara ya vumbi huukata pale unapoingia kwenye tamino. Chukua wenye nyuzi nyingi nyembamba. Halafu kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu, na huoza upesi kwenye unyevu. Mrudishie muuzaji.

Kwa nini fyuzi mbili na si moja kubwa? Kwa sababu fyuzi moja ikikatika ukiwa mteremkoni usiku, unabaki gizani kabisa. Ukiwa na moja ya fulu na moja ya dimu, ikikatika mojawapo unapeleka mkono kwenye swichi na unaona tena. Ampia 20 inatosha. Balbu mbili za fulu kwa volti 14 huvuta kama ampia 12, kwa hiyo fyuzi ya 15 ingefanya kazi ukingoni na kuchoka mapema, na waya wa 2.5 unabeba 20 bila kupata moto.

Kazi yenyewe anza kwa kuondoa waya wa hasi kwenye betri. Tafuta mahali pa kufunga rilei kwenye ukuta wa ndani wa fenda upande wa betri, mbali na rejeta na mbali na mvuke wa asidi. Zifunge miguu ikitazama chini, ili maji ya mvua na ya kuoshea injini yadondoke badala ya kuingia. Kutoka chanya ya betri toa nyaya mbili za 4, kila moja na nyumba yake ya fyuzi isiyozidi sentimita 20 kutoka betri. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Kikichubuka na kugusa bodi, gari linaungua. Fyuzi zenyewe usiziweke bado. Kila waya uende mguu wa 30 wa rilei yake; namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei yenyewe.

Kutoka mguu wa 87 wa rilei ya dimu toa nyaya mbili za 2.5, moja kwa kila taa, ziende pini ya dimu kwenye soketi mpya. Mguu wa 87 wa rilei ya fulu vilevile, ziende pini ya fulu. Pini ya pamoja ya kila soketi mpya iende bodi kwa waya wake wa 2.5. Hapa usifunge tu kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Futa rangi hadi chuma king'are, funga tamino ya pete kwa boliti na nati, halafu paka grisi juu yake. Mwenye uwezo avute nyaya hizo mbili hadi kichwa cha hasi cha betri na kusahau kabisa habari za kutu ya bodi. Sisi tungefanya hivyo kwenye gari la miaka thelathini.

Imebaki amri. Chomeka soketi ya zamani iliyo karibu na betri kwenye ile soketi dume. Kwa Hilux yako inayowasha hasi, waya wa pini ya pamoja, ambao ndio chanya, ugawe uende mguu wa 86 wa rilei zote mbili. Waya wa dimu uende mguu wa 85 wa rilei ya dimu, na wa fulu uende 85 ya rilei ya fulu. Kwa gari linalowasha chanya, waya wa dimu uende 86 ya rilei ya dimu, wa fulu uende 86 ya rilei ya fulu, na miguu ya 85 yote miwili iende bodi. Angalia uzuri wa mpango huu: upande wa taa hauna tofauti yoyote kati ya magari hayo mawili, tofauti iko kwenye amri tu. Ikiwa rilei ina diodi ndani yake, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na mchoro ulio ubavuni utakuonyesha, 86 lazima iwe chanya. Ukigeuza, diodi inakuwa njia ya mkato na fyuzi inakatika.

Soketi ya zamani ya upande wa pili ifunge kwa mpira au mfuko mdogo, ibane mahali pake, usiikate. Rilei zikigoma njiani, hiyo na mwenzake zinarudi kwenye balbu kwa dakika tano na safari inaendelea. Kumbuka pia kwamba magari mengi yana fyuzi mbili za taa kubwa, ya kushoto na ya kulia. Kuanzia sasa amri yote inategemea fyuzi ya upande ulioutumia, basi weka mpya hapo na usafishe vishikio vyake.

Viungo vyote vibane kwa koleo la kubania tamino, lile lenye meno mawili, la kubana shaba na la kubana mpira. Wapo wanaopenda kuunga kwa risasi ya kuyeyusha. Risasi hunywewa na nyuzi za waya na kuzifanya kijiti kigumu, na mahali kijiti kinapoishia ndipo mtikisiko unapokata. Ukibana vizuri, vuta kwa nguvu ya mkono, tamino isisogee. Mwisho pitisha nyaya kwenye bomba la mikunjo, bana kila sentimita 20 hivi, na popote zinapopenya bati weka mpira wa tundu.

Rudisha hasi ya betri, weka fyuzi, washa, rudia vipimo vya mwanzo. Tarajia upotevu wa volti 0.3 hadi 0.4 kwa jumla, chanya na hasi pamoja. Ukipata zaidi, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine ihame hatua kwa hatua: baada ya fyuzi, mguu wa 30, mguu wa 87, pini ya taa. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye kiungo kibovu. Jambo moja la kujua mapema: balbu zinazopata volti zake halali huungua mapema kuliko zilizokuwa na njaa. Volti zikipanda kwa asilimia 5, umri wa balbu hupungua kwa karibu nusu. Hiyo ni bei ya kuona. Lakini zikiungua kila mwezi, pima alteneta. Ikipitisha 14.8, regyuleta yake, yaani kidhibiti cha volti, imekwisha.

SWALI: Salamu wakuu. Niliwekewa rilei kwenye pikapu ya Toyota ya 1990. Taa ni kali sana sasa, ila ile taa ndogo ya buluu ya fulu kwenye dashibodi haiwaki. Mara nyingine nikiweka fulu, dimu nayo inabaki inawaka pamoja. Fundi amebadilisha rilei, bado.
Msomaji, Isiolo

JIBU: Rilei hazina kosa. Ni tabia ya gari linalowasha hasi. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo taa ya buluu imeungwa kati ya waya wa dimu na waya wa fulu. Zamani, ukiwa kwenye fulu, ilikuwa inapata chanya yake kupitia uzi wa dimu ndani ya balbu kubwa, ambao una ukinzani mdogo sana, na hasi kutoka kwenye swichi. Sasa mahali pa uzi huo pamekaa koili ya rilei ya dimu, yaani waya uliozungushwa ndani yake unaoivuta iwashe, yenye omu kama 80. Mkondo hautoshi kuwasha taa ya buluu vizuri. Na kwa sababu mkondo huo mdogo unapita ndani ya koili, wakati mwingine rilei ya dimu hushikwa isiachie. Ndiyo maana zinawaka zote mbili.

Dawa safi ni kuitenga taa ya buluu. Fungua dashibodi, ondoa nyaya zake mbili za zamani na uzifunike kila mmoja peke yake. Toa waya mwembamba kutoka mguu wa 87 wa rilei ya fulu, weka fyuzi ya ampia 2 au 3 karibu na rilei, upitishe kwenye ukuta wa injini kwa tundu lenye mpira, uingie kwenye taa ya buluu. Waya wake wa pili uende bodi. Ikiwa dashibodi yako ni ya sakiti ya karatasi, yaani njia za umeme zilizochapwa kwenye plastiki nyembamba badala ya nyaya, na hutaki kuigusa, weka taa ndogo ya buluu ya kununua pembeni yake.

Usiendeshe kwa muda mrefu huku nyuzi zote mbili za H4 zinawaka. Joto la wati 115 ndani ya kioo kile kidogo hupunguza umri wa balbu na huanza kulainisha soketi ya plastiki.

SWALI: Gari langu limetoka Japani, usukani uko kulia, nami naliendesha hapa Bujumbura. Tangu niweke nyaya mpya na rilei, wanaokuja mbele wananipigia taa kila mara, hata nikiwa kwenye dimu. Nimeshusha taa chini mpaka sioni mbali. Nifanye nini?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Taa za Japani zimetengenezwa kwa wanaokwenda kushoto mwa barabara. Mwanga wake wa dimu una mkato, yaani mstari ambapo mwanga unaishia kwa juu, ulionyooka upande wa kulia, na upande wa kushoto unapanda ili kumulika ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na alama. Burundi mnakwenda kulia. Basi ule mwanga unaopanda kushoto unaingia machoni mwa anayekuja. Zamani volti zilikuwa chache na mwanga hafifu ulificha kosa; ulipoimarisha nyaya, kosa likajitokeza.

Hakuna namna ya kurekebisha skrubu itakayoondoa hilo, na kubandika karatasi kwenye kioo kunapunguza mwanga bila kuupeleka unakotakiwa. Nunua taa zenye kioo cha nchi zinazokwenda kulia mwa barabara. Gari lako likiwa na taa za duara za inchi 7, au za mstatili za milimita 200 kwa 142, ni rahisi, kwa sababu vipimo hivyo ni vya kawaida duniani na taa za H4 za aina zote mbili hupatikana. Kabla ya kulipa, elekeza taa ukutani ukiwasha dimu: sehemu inayopanda iwe kulia kwako. Wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaonunua taa zilizotumika kutoka Dubai waangalie kinyume chake.

Ukishafunga, zipange upya. Simamisha gari mahali tambarare, taa zikiwa mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, chora mstari wa kimo hicho ukutani, kisha mwingine sentimita 10 hadi 13 chini yake. Mkato ulionyooka wa dimu ukae kwenye mstari wa chini. Pikapu ina jambo lake: ukipakia gunia kumi za mahindi nyuma, springi zinashuka, pua inapanda na taa zinatazama juu ya miti. Anayesafiri usiku akiwa na mzigo mara nyingi apange taa mzigo ukiwa juu ya gari.

SWALI: Nimeuziwa balbu za H4 za wati 100/90, nikaziweka bila kugusa nyaya. Baada ya wiki mbili soketi imeyeyuka upande mmoja. Nikiweka rilei na soketi za kauri, nitaweza kuzitumia kwa usalama?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Nyaya zitazimudu, taa haitazimudu. Soketi iliyeyuka kwa sababu ya hesabu nyepesi: joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Balbu ya wati 100 huvuta ampia 8 na zaidi. Pini iliyolegea ikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, inatoa wati 6 na zaidi hapohapo kwenye plastiki. Kauri itavumilia hilo. Lakini joto la balbu lenyewe linabaki ndani ya taa, nalo huchoma rangi ya fedha ya reflekta, na kwa taa zenye lenzi ya plastiki huifanya lenzi iwe njano. Baada ya muda utakuwa na wati nyingi na mwanga kidogo. Na dimu ya wati 90 inamsumbua kila unayekutana naye.

Rudi kwenye 60/55 za kampuni inayoaminika, weka rilei kama tulivyoeleza hapo juu, kisha ulinganishe. Ile soketi iliyoyeyuka usiitengeneze, na waya wake ukate nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa. Shaba iliyoungua huwa nyeusi na ngumu, haishiki tamino vizuri.

SWALI: Je, balbu za LED badala ya kazi yote hiyo ya rilei?
Msomaji, Kitale

JIBU: Zinavuta umeme kidogo, hilo ni kweli. Shida ni kwamba reflekta ya H4 ilichorwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu, kwa usahihi wa sehemu za milimita. Vipande vya LED vina upana na umbo jingine, kwa hiyo mwanga hutawanyika: unaona weupe mwingi karibu na bampa, na anayekuja anaona jua. Tena nyingi zimetengenezwa kwa magari yanayowasha chanya. Kwenye Toyota inayowasha hasi huweza kukataa kuwaka, au fulu na dimu zikachanganyikana. Kwa taa ya kioo ya H4 tunashauri halojeni yenye volti kamili.

SWALI: Nimeweka rilei za miguu mitano. Taa zinawaka nikizima swichi, zinazima nikiwasha!
Msomaji, Tabora

JIBU: Umeunga kwenye mguu wa 87a, ambao unashikana na 30 rilei ikiwa imelala, yaani haijapata amri. Hamishia waya kwenye 87, na 87a uifunike. Ila soma ubavuni, maana zipo rilei za miguu mitano zenye 87 mbili na hazina 87a kabisa. Hizo hazina tatizo. Betri iliyoshinda na taa usiku kucha ichaji taratibu kabla ya kuilaumu.

SWALI: Pikapu yangu ni ya volti 24. Mpango ni uleule?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ni uleule, lakini rilei ziwe za volti 24 na balbu ziwe H4 za volti 24, ambazo ni wati 75/70. Mkondo ni kama ampia 3 kwa balbu, kwa hiyo waya wa 2.5 unatosha njia nzima na fyuzi ya ampia 10 inatosha kwa kila rilei. Rilei ya volti 12 kwenye gari hilo koili yake itaungua. Wala usichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili ili uwashe balbu za volti 12. Betri hiyo itapungua daima na mwenzake itachajiwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zife.

SWALI: Taa ya kushoto ni nyeupe, ya kulia ni ya njano. Nikiwasha dimu, kwenye ile ya kulia nyuzi zote mbili zinaonekana kung'aa kidogo, na taa ya buluu ya dashibodi inawaka hafifu. Gari ni Isuzu, nimepima, linawasha chanya.
Msomaji, Songea

JIBU: Taa ya kulia imepoteza bodi. Umeme unaingia uzi wa dimu, haupati njia ya kwenda hasi, unageuka na kupita uzi wa fulu wa balbu hiyohiyo, kisha unarudi kwa waya wa fulu hadi kwenye balbu ya kushoto na taa ya buluu, zenye bodi nzima. Nyuzi zimekaa mfululizo, kila moja inapata kipande tu cha volti. Fuata waya wa pini ya pamoja ya taa ya kulia hadi boliti yake, ifungue, piga msasa, badilisha tamino ikiwa ni ya kijani. Kama boliti yenyewe inazunguka bila kukaza, toboa tundu jipya pembeni.